Mapazia ya Nyumba Namba Kumi na Nne

Injinia Atanasi Ngailo aliingia dukani Jumanne asubuhi akiwa amemshika binti yake mkono, akasalimia kama mteja yeyote, na Skolastika Mligo akajichoma sindano kidoleni mpaka damu ikatoka.

"Kamwene, mama. Pole na kazi."

"Kamwene. Karibuni ndani, baridi hiyo."

Wiki tatu zilizopita mwanamume huyu alilia mbele yake mpaka kola ya shati ikaloa. Alimshika Skolastika mikono yote miwili akamweleza mambo ambayo hata mkewe hakuwa amemweleza. Sasa alimtazama kama watu wanavyomtazama fundi mapazia, yaani hakumtazama sana. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye marobota ya vitambaa.

Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Skolastika mwenyewe ndiye aliyeifanya kazi hiyo, na ilikuwa kazi safi.

"Tumepata nyumba," Atanasi alisema, na furaha ilimjaa usoni mpaka akaonekana mdogo. "Zile za Bondeni, za Mamlaka. Namba kumi na nne. Jumamosi tunakabidhiwa funguo. Sasa mama watoto amesema yeye halali kwenye nyumba yenye madirisha uchi."

"Bondeni?"

"Pale pale, chini ya bwawa. Unapajua?"

Skolastika aliketi kwenye kigoda. Alijifanya anatafuta rula.

"Mimi nilikuwa mbishi," Atanasi aliendelea, maana mtu mwenye furaha haombwi kusimulia. "Ofisini wameniletea fomu mara mbili, zote nimezikataa, hata sikumbuki kwa nini. Ukaidi tu. Halafu Jumamosi moja nikapita kuangalia nyumba ya mfano. Mama, nilifungua bomba jikoni, maji ya moto hayo! Nikaingia chumba cha mtoto. Dirisha lake linatazama mfereji, maji yanashuka yanameta kama..."

Kama bati jipya, Skolastika alisema moyoni.

"...kama bati jipya. Nikasema basi, binti yangu atalala hapa."

"Mapazia yangu yawe na vipepeo," alisema binti. Aliitwa Egla, alikuwa na miaka sita na pengo la meno mawili ya mbele, na alishaanza kulivuta robota la chini kabisa.

Skolastika aliandika vipimo. Mkono wake uliandika wenyewe. Kila neno ambalo Atanasi alilitamka kuhusu nyumba ile, bomba la maji ya moto, dirisha, bati jipya, alilitunga yeye, akiwa amekaa sakafuni kwenye nyumba hiyo hiyo ya mfano, mgongo ukutani, akichungulia nje kutafuta kitu kizuri cha kumwachia mtu ambaye alikuwa anakaribia kusahau.

*

Ili mtu aielewe kazi ya Skolastika, ile ya kweli, lazima kwanza aijue pete.

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla ya chai, watumishi wote wa serikali hupanga foleni kupimwa. Unakaa kitini, pete ya chuma inashushwa kichwani, karani anakuuliza maswali saba. La nne ndilo linalowatoa watu jasho: umemweleza mtu wa nje jambo la ofisi? Jibu unavyotaka, nyamaza ukipenda, pete haina shida na mdomo wako. Swali likishaingia sikioni, kumbukumbu yenyewe inainuka kichwani, upende usipende, na pete inaiona ikiinuka. Taa ikiwa ya kijani, nenda kanywe chai. Ikiwa nyekundu, unapitishwa mlango wa nyuma, na nyumbani watangoja.

Pete ilipoingia, magazeti yalikauka kwa mwaka mzima. Yakabaki na matokeo ya mpira na harusi za wakubwa. Kisha mtu mmoja akapata wazo: kama pete inaona kumbukumbu, basi mtoa siri asiwe nayo. Kuanzia hapo mhariri wa dawati la siri ikabidi awe nusu daktari. Kwenye gazeti la Kurunzi mhariri huyo alikuwa Faraji Kitundu, ambaye zamani alikuwa daktari wa usingizi hospitalini, na hadi leo ana sauti ya kumfanya mtu asinzie. Faraji humlaza mtoa siri, humng'oa kumbukumbu, huiweka kwenye kichupa cha kioo kisichozidi kidole gumba. Kichupa kinakwenda kwa jaji, sura na jina vikiwa vimefutwa. Jaji akiitazama akaridhika kwamba ni kumbukumbu hai na si ya kutunga, gazeti linaruhusiwa kuchapa. Masharti ni mawili tu. Habari isisikike popote kabla ya hukumu, na mtoa siri asifuatwe tena na yeyote. Likivunjwa moja, kichupa kinapasuliwa hapo hapo mahakamani.

Mwanzoni waling'oa ile saa ya kusema tu. Lakini mtu aliyebaki na siri hubaki pia na dhamiri inayomchoma, kwa hiyo watoa siri walirudi. Mmoja alirudi mara tatu, kila mara akidhani ni ya kwanza, akitetemeka vile vile, na ya tatu polisi wakamkamata mlangoni. Tangu hapo wanang'oa na mzizi: kusema, na kujua chenyewe.

Hapo linabaki tundu, na tundu lazima lizibwe, vinginevyo mtu ataligusa kila siku kama ulimi unavyogusa jino lililong'oka. Kulipiga kiraka ndiyo ilikuwa kazi ya Skolastika. Kiraka kilingane na mahali simu ya mtu ilipoonekana siku hiyo. Kishonwe kwa nyuzi za huyo mtu mwenyewe, mambo anayoyapenda tayari. Na lazima kiwe na raha kidogo, kwa sababu watu hukagua uchungu wao kila siku lakini raha huipokea bila maswali.

Walikutana na Atanasi kwenye nyumba ya mfano Bondeni kwa kuwa Jumamosi watumishi waliruhusiwa kuja kuziangalia, na simu yake isingemtia mtu shaka. Alisema aliyokuja kuyasema. Chini ya ukuta wa bwawa, kando ya mlango mdogo wa tatu, kuna mahali ukuta unapoungana na mwamba. Alipigilia hapo misumari miwili, mmoja kwenye ukuta, mwingine kwenye mwamba, kati yake sentimita arobaini kamili. Kila Ijumaa alipima, akaandika tarehe na kipimo pale pale kwenye saruji kwa chaki ya mafuta, chini chini ambako wakubwa hawainami. Wiki ya sita kipimo kilikuwa arobaini na moja. "Saruji haitembei, mama," alisema. "Ikitembea, hiyo siyo saruji tena, huo ni msiba." Aliandika ripoti. Mkurugenzi wa Mamlaka ya Mabwawa aliifuta mbele yake, akamuuliza kama watoto hawajambo.

Kisha akalala kwenye godoro la Faraji, na kabla dawa haijamchukua aligeuza kichwa.

"Mkishanisahaulisha, nani atanizuia nisihamie hapa?"

"Utakataa tu, kaka. Si umeshakataa mara mbili?"

"Nilikataa kwa sababu najua."

Skolastika alimpigapiga begani. Alikuwa na haraka, alikuwa ameshaanza kuwaza maji na bati. "Usiwe na wasiwasi," alimwambia, "hilo nitalishughulikia." Halafu akachukua hamu ya mkewe ya kupata nyumba, akachukua mapenzi yake kwa mtoto, akachukua dirisha, akamshonea kiraka kizuri kuliko vyote alivyowahi kushona. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kufanya kosa hilo. Lilihitaji fundi.

*

"Usinitazame hivyo," alisema Faraji. "Unajua jibu langu."

Ofisi ya Kurunzi ilikuwa juu ya kiwanda cha maziwa, na kila kitu ndani yake, hata magazeti, kilinukia mtindi. Skolastika alifika mchana ule ule, duka akiwa amelifunga kwa kisingizio cha jino.

"Anahamia Jumamosi, Faraji. Hukumu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Na mvua umeiona."

"Nimeiona."

"Ana mtoto wa miaka sita. Anataka vipepeo."

Faraji alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai, jambo alilolifanya kila alipotaka kusema kitu kibaya kwa upole. "Ukimwambia, Jumatatu pete inawaka. Wanamchukua. Mtoto huyo unayemlilia anabaki na mama peke yake, na sisi tumevunja sharti, kichupa kinapasuliwa. Hilo ni bwawa moja. Mamlaka imejenga matano, Skola. Saruji ile ile, mkandarasi yule yule. Tukishinda Alhamisi, yote matano yanafunguliwa yakaguliwe. Chini ya hayo matano kuna watu wangapi? Wewe niambie, maana mimi nimechoka kuwafikiria."

"Na ukuta usipoingoja Alhamisi?"

Faraji aliirudisha miwani usoni.

"Tutoe karatasi. Usiku mmoja tu, tuzimwage Bondeni nzima, bila jina."

"Karatasi!" Faraji alicheka bila furaha. Naye Skolastika alijua amesema upuuzi. Mji mzima ulikuwa umejaa karatasi zisizo na jina. Mamlaka yenyewe ilizimwaga kwa makusudi: leo maji yana sumu, kesho samaki wa bwawani wana meno ya watu, mpaka wananchi wakaacha kuzisoma, wakawa wanafungia maandazi. Habari isiyo na jina la mtu haikuwa na thamani, ila ikiwa na muhuri wa jaji.

"Basi mkewe," alisema. "Yeye si mtumishi. Hapimwi."

"Atamwambia mumewe kabla ugali haujaiva."

Skolastika alishuka ngazi akiwa na hasira na Faraji kwa kuwa na haki, na hasira kubwa zaidi na mikono yake mwenyewe.

*

Alijaribu kuchelewesha mapazia. Jumatano alimpigia Atanasi akamwambia cherehani imekufa. Atanasi akamwambia asijali kabisa, watatundika mashuka kwa wiki moja, kuhama ni kuhama. Alhamisi aliyamaliza, kwa kuwa hakuona tena faida ya kutoyamaliza, na akayapeleka mwenyewe kwenye nyumba yao ya kupanga kule Mjimwema.

Oliva, mke wa Atanasi, alikuwa sakafuni akifunga sahani kwa magazeti. Mimba ya miezi saba ilimfanya aheme kwa kila sahani. Aliyakunjua mapazia ya vipepeo akayaweka shavuni.

"Mama, una mkono. Mungu akubariki."

"Mnahama kweli?"

"Nimeomba miaka minne. Hapa tunateka maji mtoni, na hili tumbo! Mume wangu alikuwa hataki hata kusikia, nikauliza kwa nini, ananuna tu. Nilifikiri ana mwanamke mwingine huko." Akacheka, akajifuta jicho. "Yule hajui kuficha, mama. Akiwa na jambo nalisoma usoni. Na mimi nikiwa nalo, nalala nalo siku moja tu, la pili nalitapika."

Neno lilikuwa limeshafika kooni kwa Skolastika. Alilimeza. Egla alikuja akamwonyesha sanduku la viatu alimopanga vitu vyake vya kuhamia: chupa ya shanga, daftari, picha ya baba yake akiwa amevaa kofia ya kazi.

Njiani akirudi alilia waziwazi, barabarani, mchana kweupe, na mwanamke aliyekuwa anauza mapeasi akamuuliza amefiwa na nani.

"Bado," Skolastika alimjibu.

*

Ijumaa asubuhi alirudi juu ya kiwanda cha maziwa akamkuta Faraji anakunywa chai.

"Ning'oe," alisema.

"Nini?"

"Nitasema mimi. Kesho, Bondeni, kwa jina langu, mbele ya watu wote. Karatasi isiyo na jina hawaiamini, basi nitawapa jina. Polisi watanikamata, na mtu aliyekamatwa huvalishwa pete. Ikiinuka sura ya Atanasi, amekwisha. Kwa hiyo itoe. Sura, jina, mtoto, mke, mapazia, kila alipopita. Niachie ukuta, misumari na mkurugenzi."

Faraji aliiweka chai chini. "Na mabwawa mengine manne?"

"Sijui."

"Hujui! Unanipasulia kichupa changu, unalifunga gazeti langu, miaka kumi na moja, na unaniambia hujui?"

"Sijui, Faraji! Nilimwambia nitalishughulikia. Yeye hakumbuki, mimi nakumbuka. Hao wa mabwawa manne nitawaombea, lakini huyu nimempeleka mimi kwa mkono wangu." Alikuwa anapiga kelele, na chini mitambo ya maziwa ilinguruma bila kumjali. "Wewe unajua kuwahesabu watu wengi. Mimi nashona mmoja mmoja."

Mwishowe Faraji aliinuka akafunga mlango kwa ufunguo. Skolastika alielewa kwamba mzee huyu anamchukia kidogo na hatamnyima.

"Andika kwanza," alimwambia. "Kwa mkono wako. Utakachokikuta ndicho utakachokuwa nacho."

Aliandika nusu ukurasa. Misumari miwili, mlango mdogo wa tatu, sentimita arobaini, arobaini na moja, ripoti iliyofutwa. Ya chaki ya mafuta hakuiandika, kwa kuwa mwandiko ni mtu. Kisha akalala kwenye godoro alilokuwa amewalazia wengine.

"Nikushonee nini?" Faraji aliuliza. "Mimi si fundi kama wewe."

"Usishone. Liache tundu."

"Litakusumbua."

"Acha linisumbue."

*

Jumamosi kulikucha na manyunyu. Skolastika alifika Bondeni saa nne akiwa na karatasi yake mfukoni na kichwa kizito. Alijua kila kitu kuhusu ukuta na hakujua alikijuaje. Alipojaribu kurudi nyuma kumtafuta aliyemwambia, alifika mahali hapana kitu, kama mtu anayepanda ngazi gizani akakuta moja haipo.

Nyumba zilikuwa arobaini na mbili, mabati mekundu, zimepangwa mistari sita. Juu yao ulisimama ukuta wa bwawa, mweusi kwa unyevu, mrefu kiasi kwamba ulikula nusu ya mbingu. Hema lilifungwa, spika zilipiga kwaya, akina mama walichoma mahindi. Wengine walishapewa funguo na walikuwa wanashusha vitanda. Kwenye dirisha la nyumba moja ya mstari wa juu yalikuwa yametundikwa mapazia ya vipepeo. Skolastika aliutambua upindo wake mwenyewe kutoka mbali, upindo wa mara mbili ambao hakuna fundi mwingine mjini anayejisumbua nao. Akageuza shingo haraka asije akajua ni ya nani, hakuitazama namba ya mlango, na hakulitazama tena dirisha hilo.

Ofisa wa Mamlaka alipoenda kunywa maji, alichukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, naitwa Skolastika Mligo. Nina duka la mapazia pale karibu na posta, wengi mnanijua. Msihamie hapa. Ukuta huu unatembea."

Aliyasema yote kabla hawajamnyang'anya kipaza sauti. Kwaya ilizimwa. Watu wote wakaanza kusema pamoja. Mzee mmoja alimwita mchawi. Ofisa alikuwa anapiga simu, mgongo amewageuzia.

"Nani amekwambia hayo?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la mvua la kijani, bado ana kamba ya kufungia kitanda mkononi. Watu walimpisha. "Injinia aseme," walisema. "Injinia yupo hapa, aseme yeye!"

"Simjui aliyeniambia," Skolastika alijibu. Ulikuwa ukweli mtupu, na ulisikika kama uongo.

"Humjui." Mwanamume alicheka kwa uchungu. "Mama, wewe umenishonea mapazia juzi tu. Mke wangu amekuombea baraka. Leo unasimama hapa kumtia hofu akiwa na mimba? Mimi ni injinia wa bwawa hili miaka tisa. Nimepima ukuta huu kwa mikono yangu. Ni mzima! Kama kweli kuna mtu anajua neno, aje aliseme mwenyewe, kwa kinywa chake. Nawachukia watu wa namna hiyo, wanaojificha nyuma ya wengine."

Watu walipiga makofi. Mwanamke mjamzito aliyekuwa nyuma yake alimshika mtoto mabega, akamtazama Skolastika kwa macho ambayo hayakuwa na hasira, yalikuwa yameumia. Skolastika hakujua kwa nini aliona aibu mbele yake kuliko mbele ya wengine wote.

"Usiniamini," alimwambia yule injinia. "Una haki usiniamini. Lakini misumari ipo. Mlango mdogo wa tatu, chini kabisa. Kati yake palikuwa sentimita arobaini. Nenda ukapime, uje unitemee mate mbele ya watu."

"Naenda sasa hivi," alisema, na akamwomba seremala mmoja futi yake ya kupimia.

Umati mzima ulimfuata. Hakukuwa mbali, hatua mia moja kupita nyumba ya mwisho. Wengine walikuwa bado wanatafuna mahindi. Injinia alifika penye mlango wa tatu, akapiga magoti kwenye matope, akainama mpaka shavu likakaribia ardhi.

Halafu akatulia.

Skolastika alikuwa wa karibu kuliko wengine, hatua nne nyuma yake. Kulikuwa na maandishi ya chaki ya bluu pale chini kwenye saruji, mistari sita hivi, mmoja chini ya mwingine. Kabla hajayasoma, mwanamume aliukunja mkono wa koti lake, akautemea mate, akayafuta. Aliyafuta yote, mstari kwa mstari, kwa nguvu, mpaka saruji ikabaki na doa tu. Skolastika hakuelewa kwa nini. Tundu lililokuwa kichwani mwake lilimuuma ghafla, naye akatazama pembeni.

Ndipo injinia akaikunjua futi, ncha moja kwenye msumari wa ukuta, nyingine kwenye msumari wa mwamba.

"Someni wenyewe," alisema. "Mimi msiniamini pia. Njoo wewe, seremala. Soma kwa sauti."

"Arobaini na mbili," seremala alisoma. "Na nusu."

Injinia aliinuka. Magoti yake yalikuwa matope matupu na uso wake ulikuwa umezeeka. Hakumtazama ofisa wa Mamlaka aliyekuwa anakuja mbio. Aliwatazama watu.

"Ondokeni," alisema, kwanza taratibu, kisha kwa sauti iliyogonga ukuta ikarudi. "Acheni vitanda. Chukueni watoto, pandeni kilimani, wote, sasa! Oliva! Mchukue Egla!"

Mahindi yalianguka. Watu walikimbia, wakaitana majina, mabati yakalia kwa mikono iliyoyagonga. Polisi walifika katikati ya mbio hizo, vijana wawili ambao hawakujua wafanye lipi kwanza, wakachagua lile walilotumwa. Walimfunga Skolastika pingu karibu na hema. Aliijua pete iliyomngoja, akajikagua ndani kwa mara ya mwisho. Hakukuwa na mtu.

Injinia alipita akiwa amembeba mzee yule yule aliyemwita Skolastika mchawi. Alisimama. Polisi mmoja alitaka kumsukuma, akaona mzigo wake akaacha.

"Mama," alisema, anahema. "Huyo aliyekuambia..."

"Simjui, baba. Hata mkinichinja."

"Najua," alisema. Alikuwa analia. "Najua humjui."

Alimpandisha mzee vizuri mgongoni na kuendelea na njia ya kilimani, akiita majirani, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu.